Chungu Juu ya Moto: Mapishi ya Kifaransa Yalivyofika Eldoret

Wafaransa wana mlo wa nyama ya ng'ombe, karoti, liki na vitunguu uitwao pot-au-feu, yaani chungu juu ya moto. Jina hilo linatuonyesha mapishi yao yalikozaliwa: jikoni kwa mkulima mwenye ng'ombe, ngano na subira. Ndiyo maana naamini kuwa mtu wa Eldoret anayejifunza mapishi haya nyumbani haendi mbali kama anavyodhani.

Dunia iliyafahamu kwanza kupitia meza za wakubwa. Kwa karne nyingi matajiri wa Ulaya walijaza vyakula vyao pilipili manga, mdalasini na karafuu zilizopitia Bahari ya Hindi, kwani viungo vilikuwa fahari. Mwaka 1651 mpishi La Varenne alichapisha kitabu kilichoelekea kwingine: siagi, majani ya bustanini, na nyama yenye ladha ya nyama. Mpwani aliyelelewa kwa pilau ataona ajabu, lakini kuvipunguza viungo ndiko kulikowapa Wafaransa njia yao. Menon akafuata mwaka 1746 na kitabu cha wapishi wa nyumba za watu wa kati. Baada ya Mapinduzi ya 1789, wapishi wengi wa makabaila walipoteza mabwana wao, na mikahawa ya Paris ikaongezeka. Mwaka 1903 mpishi Escoffier aliyapanga yote katika kitabu kimoja kikubwa, na mwaka 1961 Julia Child na wenzake wawili wakamweleza Mmarekani wa kawaida jinsi ya kuyapika kwake.

Huku kwetu Ufaransa ilifika mapema, tena kwa ubaya. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, na bidhaa iliyotajwa ilikuwa watumwa. Katika lugha, Kifaransa kilituachia neno divai.

Historia ya bara nayo ina jeraha lake. Nyanda za Uasin Gishu zilikuwa malisho ya Wamasai, kisha ya Wanandi. Mwaka 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa alipokwenda kuonana na Waingereza kwa mazungumzo ya amani. Miaka mitatu baadaye Makaburu walioongozwa na van Rensburg wakapanda huku kwa magari ya kukokotwa na maksai. Mji ukaota kwenye Shamba Namba 64, ndiyo maana wazee waliuita Sisibo, yaani “sixty-four” kwa matamshi yao, na mwaka 1912 ukapewa jina la Eldoret. Reli ilifika 1924. Mwaka uliofuata walowezi wakaunda KCC, ushirika wa maziwa. Ngano na ng'ombe wa gredi vilistawi katika ardhi iliyoporwa, kwa jasho la vibarua Waafrika. Baada ya Uhuru mashamba mengi yakarudi mikononi mwa wenyeji, na leo jibini ya Doinyo Lessos inatengenezwa papa hapa mjini.

Lakini maarifa ya maziwa hayakuletwa na walowezi. Kabla yao, mama wa Kikalenjin alikuwa akikisugua kibuyu chake, sotet, kwa kijinga cha mti wa senetwet, akamimina maziwa, akaziba, akasubiri siku kadhaa mpaka yawe mursik. Krimu chachu ya Normandy huchachushwa vilevile na bakteria wa maziwa, na mwenye kuitunza huhitaji usafi na ulimi uleule unaojua wakati wa kufungua chombo. Ajuaye mursik ameshavuka nusu ya njia.

Viazi navyo vina kisa. Mwaka 1748 mahakama kuu ya Paris ilipiga marufuku kuvilima kwa chakula, watu wakihofia ukoma. Mfamasia Parmentier, aliyevila akiwa mfungwa wa vita huko Prussia, alivipigania hadi mwaka 1772 madaktari wa Paris walipokiri kwamba vinalika. Mlo wenye jina lake ni nyama ya kusaga chini, viazi vilivyopondwa juu. Viazi vya Timboroa vinaufaa sana.

Anayeanza, aanze na béchamel: siagi sufuriani, unga wa ngano kiasi kilekile, mwiko usitulie, kisha maziwa kidogo kidogo. Unga usipoiva, mchuzi utanuka ubichi. Mbinu hiyo ikishika mkono, milango mingi hufunguka.

Ila kuna jambo ambalo vitabu vya Paris havisemi. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Nyama inayoiva kwao kwa muda wa saa tatu, kwetu huchukua nne au zaidi. Kwa hiyo Jumapili nateleka mapema nyama ya mguu yenye mfupa, nafunika, napunguza moto, tunakwenda kanisani. Tukirudi, mfupa unajichomoa wenyewe, na watoto wanagombea uboho.