Kutoka Kasulu na Kibondo hadi Berlin: Utaratibu kwa Mtaalamu wa TEHAMA Aliyepata Ajira Ulaya

Na Mwandishi Wetu, Kasulu

Mtaalamu wa TEHAMA mwenye asili ya Kasulu au Kibondo anayepata mkataba wa kazi Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, huanza kwa kuulizia viza. Mara nyingi kinachomchelewesha kiko karibu zaidi: cheti cha kuzaliwa cha mzazi wake. Makala haya yanaeleza hatua ambazo mwananchi wa wilaya hizi anapaswa kuzipitia, kuanzia kijijini hadi kujiandikisha kuwa mkazi wa Berlin, pamoja na mambo yanayohusu uraia, mshahara na mkopo wa elimu ya juu.

Nyaraka zianzie nyumbani

Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania, iliyozinduliwa Januari 31, 2018, hudumu kwa miaka 10. Mwombaji hujaza fomu katika mfumo wa Idara ya Uhamiaji, hulipa kwa kumbukumbu namba na kisha hufika mwenyewe ofisini kuchukuliwa picha na alama za vidole. Anatakiwa kuwa na Kitambulisho cha Taifa au namba yake kutoka NIDA, cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa au kiapo cha mzazi, pamoja na uthibitisho wa sababu ya safari, ambao kwa mwenye ajira ni mkataba wa kazi.

Hapo kwenye uthibitisho wa mzazi ndipo wengi wa Mkoa wa Kigoma hukwama. Kasulu na Kibondo zinapakana na Burundi. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Familia nyingi zina ndugu ng'ambo ya mpaka. Na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta zilianzishwa katika wilaya hizi mbili. Kwa hiyo ofisa wa Uhamiaji huuliza maswali zaidi kuliko anayoulizwa mwombaji wa Dodoma au Iringa: babu alizaliwa wapi, alizikwa wapi, nani kijijini anamfahamu. Maswali hayo huudhi, na si haba vijana wanaohisi wanatiliwa shaka katika nchi yao wenyewe. Hata hivyo yanajibika, mradi majibu yaandaliwe kabla ya mkataba kuwa na tarehe ya kuripoti kazini.

Mzazi aliyezaliwa kijijini miaka ya 1950 au 1960 aghalabu hana cheti. Usajili uliochelewa hufanyika kupitia Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), kwa kuanzia ofisi ya wilaya, na huhitaji ushahidi kama vile cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza shule au barua ya Ofisa Mtendaji wa Kijiji. Baba au mama aliye hai aende mwenyewe. Iwapo mzazi amefariki, ndugu wa karibu anayefahamu historia ya familia anaweza kula kiapo mbele ya hakimu au wakili. Si busara kumsubirisha mzee wa miaka 75 hadi wiki ya mwisho, kisha kumpandisha basi kwenda Kigoma mjini kutafuta muhuri.

Jambo la pili ni majina. Jina la Kiha lililoandikwa kwa "bh" katika cheti cha ubatizo huandikwa kwa "b" katika cheti cha kidato cha nne. Jina la babu huachwa katika cheti cha chuo kikuu. Mwaka wa kuzaliwa huongezeka au kupungua mmoja. Nyumbani tofauti hizo hazimsumbui mtu. Katika ubalozi wa kigeni, herufi moja yatosha kurudisha faili zima. Mwombaji alinganishe nyaraka zote herufi kwa herufi, na pale zinapotofautiana afanye marekebisho RITA au NIDA, au aandae hati ya kisheria ya kuthibitisha jina, kabla ya kuomba pasipoti. Pasipoti ikishatoka na kosa, kila nyaraka inayofuata hulibeba kosa hilo.

Mkataba na wanaouleta

Wazee wa Buha wanaikumbuka safari nyingine ya kazi. Wakati wa utawala wa Mwingereza, wanaume wa nyanda hizi walichukuliwa kwa wingi kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944, ndiyo iliyowaandikisha na kuwasafirisha, nao wakaitwa manamba. Wengi waliweka dole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma. Mhitimu wa leo anaweza kusoma, kwa hiyo asome.

Mkataba wa Ujerumani huonesha mshahara wa mwaka kabla ya makato, saa za kazi, likizo na muda wa majaribio. Kwa sheria za nchi hiyo, likizo ya anayefanya kazi siku tano kwa wiki haipungui siku 20 za kazi kwa mwaka, na muda wa majaribio hauzidi miezi sita. Katika kipindi hicho kila upande unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya wiki mbili. Kifungu hiki kipewe uzito, kwa maana mtu aliyeuza shamba ili asafiri anaweza kujikuta hana kazi kabla ya kumaliza mwaka.

Mkataba ukiletwa na wakala, mwananchi adai kuona leseni. Shughuli za mawakala binafsi wa ajira nchini zinaongozwa na Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, na taarifa kuhusu wakala anayetambulika zinapatikana kwa Kamishna wa Kazi. Ada ya viza ya muda mrefu ya Ujerumani ni euro 75, na hulipwa katika mfumo wa maombi au ubalozini. Hailipwi kwenye simu ya mtu binafsi. Tahadhari hii ina sababu: tangu mwaka 2022, Wakenya na Waganda walioahidiwa kazi za kompyuta na huduma kwa wateja huko Thailand waliishia kuokolewa kutoka kambi za utapeli wa mtandaoni nchini Myanmar. Tangazo lililowapeleka lilikuwa na nembo, mshahara mnono na tiketi ya bure.

Kadi ya Bluu

Njia inayomfaa zaidi mtaalamu wa TEHAMA ni Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya, ambayo ni kibali cha ukaazi kwa wenye ujuzi wa juu. Nchini Ujerumani, mkataba uwe wa angalau miezi sita na mshahara ufikie kiwango kinachotangazwa kila mwaka. Kwa mwaka 2025 kiwango cha kawaida kilikuwa euro 48,300 kwa mwaka, na kwa fani zenye upungufu wa wataalamu, TEHAMA ikiwamo, kilikuwa euro 43,759.80. Kwa kuwa kiwango hupanda, mwombaji aangalie cha mwaka anaoombea.

Shahada ya chuo cha Tanzania hupimwa kwa kutumia kanzidata ya Ujerumani iitwayo anabin, inayoonesha vyuo na shahada zinazolinganishwa na za huko. Iwapo shahada haimo, mwombaji huomba tathmini ya maandishi kutoka taasisi ya ZAB. Habari njema kwa waliojifunza wenyewe ni kwamba tangu Novemba 2023 mtaalamu wa TEHAMA asiye na shahada anaweza kupata Kadi ya Bluu akithibitisha uzoefu wa kazi wa ngazi ya kitaalamu wa angalau miaka mitatu ndani ya miaka saba iliyopita. Wapo Kasulu na Kibondo walioanza kuandika programu enzi ambazo umeme wa wilaya ulitegemea majenereta ya dizeli, kabla ya Gridi ya Taifa kufika, na ambao hawakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Hao waanze sasa kutunza barua za waajiri, mikataba na hati za malipo, maana uzoefu usio na karatasi hauhesabiki.

Tangu Januari 2025 maombi hufanyika kupitia tovuti ya huduma za kikonseli ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, kisha mwombaji hufika na nyaraka halisi Ubalozi wa Ujerumani, jengo la Umoja House, Dar es Salaam. Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ya kati ni zaidi ya kilometa 1,200, hivyo nyaraka zikaguliwe mara mbili kabla ya kupanda treni.

Kadi ya Bluu haimlazimishi mwenye kadi wala mwenzi wake kufaulu mtihani wa Kijerumani kabla ya kuingia, na mwenzi huruhusiwa kufanya kazi. Kampuni nyingi za teknolojia za Berlin hutumia Kiingereza kazini. Ofisi za serikali na wenye nyumba ni habari nyingine. Masomo ya Goethe-Institut Dar es Salaam yana faida kwa anayeweza kuyapata.

Fedha na siku za mwanzo

Mshahara wa euro 43,759.80 kwa mwaka ni takriban euro 3,647 kwa mwezi kabla ya makato. Mfanyakazi huchangia asilimia 9.3 kwa pensheni, asilimia 1.3 kwa bima ya kukosa ajira, asilimia 7.3 na nyongeza kwa bima ya afya, pamoja na bima ya matunzo. Kisha hukatwa kodi ya mapato. Asiye na mwenzi wala watoto hubaki na takriban theluthi mbili. Familia iliyoko nyumbani ielezwe hesabu hii mapema, kwa sababu anayetajiwa zaidi ya euro 3,600 huzidisha kwa shilingi papo hapo na kuanza kupanga ujenzi.

Mwenye nyumba anaruhusiwa kudai amana ya hadi miezi mitatu ya kodi isiyojumuisha gharama za joto na maji. Chumba cha kodi ya euro 700 humaanisha amana ya hadi euro 2,100, na mshahara wa kwanza kwa kawaida huja mwisho wa mwezi. Mwajiri aulizwe kabla ya kusaini kama hugharamia nauli na makazi ya mwanzo.

Ndani ya siku 14 za kuhamia, mkazi hujiandikisha ofisi ya manispaa, Bürgeramt, akiwa na barua ya mwenye nyumba. Bila usajili huo hapati namba ya mlipakodi, na bila namba hiyo makato ya mshahara huwa makubwa kuliko inavyostahili. Nyumba za Berlin ni adimu, na baadhi ya wapangishaji wa vyumba hukataa kutoa barua hiyo. Chumba cha namna hiyo kisikubaliwe hata kikiwa cha bei nafuu.

Anayepoteza kazi anatakiwa kuiarifu ofisi ya uhamiaji ya Berlin ndani ya wiki mbili. Kukaa kimya huhatarisha kibali kuliko kukosa kazi kwenyewe. Anayerejea Tanzania kabla ya kuchangia pensheni kwa miaka mitano anaweza kuomba kurudishiwa michango yake miezi 24 baada ya kuondoka Umoja wa Ulaya. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa upande wake, bado anadaiwa akiwa ughaibuni, naye apange na Bodi namna ya kulipa kabla ya kusafiri.

Uraia

Tangu Juni 27, 2024 Ujerumani inamruhusu anayepewa uraia wake kubaki na uraia wa awali, na anaweza kuomba baada ya miaka mitano ya ukaazi. Sheria ya Uraia ya Tanzania, Sura ya 357, hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Mtanzania anayechukua uraia wa Ujerumani kwa hiari hupoteza wa Tanzania, hata kama Ujerumani haimtaki auache. Hatua hiyo hugusa pia haki ya kumiliki ardhi, jambo zito kwa mwenye mashamba ya ukoo Heru au Muhambwe. Kadi ya Bluu yenyewe haina athari hiyo: mwenye kadi anaweza kupata ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27, au miezi 21 akifikia kiwango cha B1 cha Kijerumani, huku akibaki na pasipoti ya Tanzania.

Mtanzania aliyefika Berlin anashauriwa kujiorodhesha Ubalozi wa Tanzania uliopo jijini humo, ambako pia hupata huduma ya pasipoti inapokwisha muda na maelekezo kuhusu mtoto anayezaliwa huko.