Ringi Iliwekewa Springi. Goti Je?

Ukitazama video ya mtu anadanki, macho yako yanaishia wapi? Ya wengi wetu yanaishia kwenye ringi. Mpira ukishapita na jamaa akining'inia, tumemaliza. Leo naomba usubiri sekunde moja zaidi, utazame miguu inavyorudi chini.

Ringi iko mita 3.05 juu ya sakafu, urefu ule ule tangu James Naismith alipotundika vikapu vya matunda huko Springfield, Massachusetts, mwaka 1891. Kuipiga danki ni lazima mwili upande. Na uliopanda utashuka, hilo halina mjadala.

Mwaka 1967 NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, kilipiga marufuku kudanki. Kati ya sababu zilizotolewa, mojawapo ilikuwa kwamba wachezaji wanaumia na vifaa vinaharibika. Watu hawakushawishika sana. Walimtazama kijana mrefu wa UCLA, Lew Alcindor, ambaye baadaye tulimjua kama Kareem Abdul-Jabbar, wakasema sheria hii imetungwa kwa ajili yake. Mwenyewe aliona imewalenga wachezaji weusi. Marufuku ilidumu hadi 1976, na UCLA ya Alcindor ilichukua ubingwa mwaka 1968 na 1969 hata bila danki. Kwa maoni yangu, hoja ya afya ilikuwa na ukweli ndani yake, ila ilitumiwa vibaya, na ndiyo maana hakuna aliyeichukulia kwa uzito.

Kilichochukuliwa kwa uzito ni kioo. Novemba 1979, Darryl Dawkins wa Philadelphia 76ers alidanki kule Kansas City na ubao wa kioo ukapasuka vipande vipande. Wiki tatu baadaye akarudia, safari hii nyumbani. Mechi ilisimama, na ligi ikatangaza adhabu kwa atakayevunja tena.

Dawa ilitoka kwa mtu ambaye hakuwa hata mchezaji. Arthur Ehrat alifanya kazi kwenye ghala la nafaka huko Illinois. Alichukua springi ya mashine ya kulimia ya John Deere, akatengeneza ringi inayoinama ikivutwa kwa nguvu halafu inarudi mahali pake. Ringi za aina hiyo ziliingia NBA msimu wa 1981–82. Ubao ukapona, na mikono nayo ikapata nafuu, maana chuma kinachoinama hakikatizi mkono ghafla kama kisichoinama.

Goti je? Hapo fizikia haikubadilika hata kidogo. Chukua mchezaji wa kilo 100 aliyepanda sentimita 80. Akitua kwa kukunja magoti taratibu, mwili ukasimama ndani ya sentimita 40, nguvu ya wastani miguuni ni mara tatu ya uzito wake. Akitua miguu ikiwa imekakamaa, mwili ukasimama ndani ya sentimita 10 tu, ni mara tisa. Jaribu mwenyewe kuruka kutoka kwenye kiti (taratibu, tafadhali) na usikie tofauti. Sasa fikiria umesukumwa hewani, unashuka kwa mguu mmoja.

Mzigo huo unapita kwenye kano nene iliyo chini ya pia ya goti. Hiyo ndiyo springi yako, na inatumika mara mbili: kuruka na kutua. Ikichoka haiponi haraka, kwa sababu kano hupata damu kidogo. Mwaka 1973 madaktari wa Marekani waliyapa maumivu hayo jina la goti la mrukaji. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2005 ulikuta tatizo hilo kwa asilimia 32 ya wachezaji wa kikapu wa ngazi ya juu. Karibu mmoja kati ya watatu! Kwa haki, si danki peke yake. Ribaundi na kuzuia mipira navyo ni kuruka.

Lakini mtazame Blake Griffin. Mwaka 2009 alichaguliwa wa kwanza NBA, mbele ya Mtanzania wetu Hasheem Thabeet aliyekuwa wa pili. Oktoba hiyo hiyo, kwenye mechi ya maandalizi, alidanki, akatua vibaya, na pia ya goti la kushoto ikagundulika ina ufa. Akakosa msimu mzima. Alirudi, na mwaka 2011 akashinda shindano la danki kwa kuruka juu ya boneti ya gari.

Miaka ikapita, goti likapasuliwa tena. Kuanzia Desemba 2019 alikaa zaidi ya mwaka bila kudanki kwenye mechi hata mara moja. Machi 2021, mechi yake ya kwanza na Brooklyn Nets, akapanda tena na kudanki, na danki hiyo moja ikawa habari. Video zipo. Itafute, halafu usiifunge mpaka umwone amefika chini.