Hazina ya Watu na Sanduku la Kura

Ninyi wa Itetemia, somo la leo linaanzia nyumbani kwenu. Fungueni madaftari yenu, mwandike maneno mawili juu ya ukurasa: HAZINA na KURA. Leo tutaona namna maneno haya yalivyokutana katika historia, na kwa nini watu wenye busara wametaka yatenganishwe.

Swali letu ni hili. Watu wametoa kodi, na kodi imewekwa katika hazina. Kisha watu hao wanaulizwa jambo, nao watajibu kwa kura, ndiyo au siyo. Je, wakubwa wanaotunza hazina wanaweza kuitumia ili kuwavuta watu wajibu kama wapendavyo wao?

Ghala la mtemi

Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe. Kutoka hapa njia nyingine ilielekea kaskazini, kwenda Karagwe na Buganda. Wenye misafara walitoa hongo kwa watemi: nguo, shanga na waya. Mtemi Fundikira alipofariki mwaka wa 1858, alifuata Mnywa Sere. Huyu aliwatoza ushuru Waarabu waliofanya biashara Tabora, nao wakakataa. Vita vikatokea, na karibu na mwaka wa 1860 Mnywa Sere akafukuzwa, akatawazwa Mkasiwa.

Angalieni jambo moja. Katika siku hizo mali ya mtemi na mali ya nchi zilikaa pamoja. Mtemi mwema aliwalisha watu wakati wa njaa na kuwakirimu wageni. Lakini hapakuwa na daftari la kuonyesha kipi ni chake na kipi ni cha watu wote.

Daftari la hazina

Wajerumani walimshinda Mtemi Isike mwezi wa Januari, 1893. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza wakaitawala Tanganyika. Gavana Donald Cameron alileta sheria ya mwaka wa 1926 juu ya utawala wa wenyeji. Sehemu ya kodi iliingia katika hazina za wenyeji, na watemi wakalipwa mshahara badala ya kupokea ushuru wa desturi. Mshahara ulikuwa wa mtemi, bali hazina haikuwa yake. Fedha ziliandikwa zilipoingia, zikaandikwa zilipotoka. Mnaijua methali: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Huo ulikuwa mpaka wa kwanza, nao ulikuwa mzuri. Lakini ulikuwa na kasoro kubwa. Aliyekubali au kukataa makadirio ya matumizi alikuwa ni ofisa wa Kiingereza, wala si mlipa kodi. Mtoaji hakuulizwa.

Kasoro hiyo ilionekana zaidi siasa zilipoamka. Mwaka wa 1953 serikali ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake Waafrika kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Karani wa Tabora alilazimika kuchagua: kazi au chama. Lakini mwaka wa 1956 kilipoanzishwa chama cha UTP, Gavana Twining mwenyewe alikitia moyo ili kipingane na TANU. Basi mpaka ulimfunga mdogo, lakini haukumfunga mkubwa. Mwezi wa Januari, 1958, TANU ilifanya mkutano wake hapa Tabora, ikaamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ijapokuwa masharti yake yalikuwa magumu. Ilishinda, na UTP ikafa. Mara nyingi watu hukichukia kitu wanachosukumiwa na serikali.

Kura ya Buyaga na Bugangaizi

Sasa tufuate ile njia ya kaskazini mpaka Uganda. Huko ndiko tutakapoona hazina na kura zikikutana uso kwa uso.

Katika miaka ya 1890 Waingereza walipigana na Mfalme Kabalega wa Bunyoro. Baganda waliwasaidia, nao wakapewa sehemu za nchi ya Bunyoro. Wanyoro hawakusahau. Uganda ilipopata uhuru, tarehe 9 Oktoba, 1962, katiba ilisema kwamba watu wa wilaya mbili, Buyaga na Bugangaizi, wataulizwa baadaye kwa kura: Je, mnataka kubaki Buganda, kurudi Bunyoro, au kuwa wilaya ya peke yenu?

Serikali ya Kabaka haikungoja siku ya kura ikiwa imekaa kimya. Ilianzisha makazi mahali panapoitwa Ndaiga, katika Buyaga, kando ya Ziwa Albert. Ikawapeleka huko maelfu ya Baganda waliokuwa askari zamani. Fedha za serikali ya Buganda zilitumika katika mpango huo. Kwa maneno ilikuwa ni kuwapa watu ardhi ya kulima. Lakini kila mtu alielewa kwamba wageni wale walitazamiwa kupiga kura.

Serikali kuu ya Uganda ilijibu kwa sheria. Ilisema watakaopiga kura ni wale tu waliokuwa wameandikishwa huko kwa uchaguzi wa mwaka wa 1962. Wageni wa Ndaiga wakaachwa nje. Serikali ya Kabaka ilikwenda mahakamani, na shauri likafika mpaka Baraza la Faragha mjini London, lakini ilishindwa.

Kura ilipigwa tarehe 4 Novemba, 1964. Katika Buyaga zaidi ya watu 8,000 walitaka kurudi Bunyoro, na waliotaka kubaki Buganda hawakufika 1,500. Bugangaizi pia ilichagua Bunyoro. Waziri Mkuu wa Buganda, Michael Kintu, akajiuzulu mwezi huo huo. Tarehe 1 Januari, 1965, wilaya zote mbili zikarudi Bunyoro.

Fikirini: ni nani aliyelipa gharama za Ndaiga? Ni mlipa kodi wa Buganda. Katika Buyaga na Bugangaizi wenyewe, nchi zilizokuwa bado chini ya Buganda, mtu aliweza kutoa kodi kwa serikali ileile iliyokuwa ikijitahidi kuizima kura yake.

Kueleza na kushawishi

Sheria ya Uganda iligusa orodha ya wapiga kura. Haikugusa matumizi ya fedha. Nchi nyingine zimeigusa fedha yenyewe. Mwaka wa 1976 mahakama kuu ya jimbo la California, Marekani, iliamua kwamba idara ya serikali isitumie fedha za watu kufanya kampeni ya upande mmoja katika kura, isipokuwa sheria imeiruhusu waziwazi. Inaweza kutoa maelezo ya haki. Mwaka wa 1995 mahakama kuu ya Ireland ilikataza serikali kutumia fedha za umma kupigania upande mmoja katika kura ya kubadili katiba.

Basi andikeni tofauti hii. KUELEZA ni kumwambia mtu swali ni lipi, kura itapigwa lini na wapi, na kila jibu litaleta nini. KUSHAWISHI ni kumwambia ajibu hivi, asijibu vile. Kiongozi, akiwa raia, ana haki ya kushawishi kwa mdomo wake na kwa fedha za mfukoni mwake. Lakini gari la halmashauri, mafuta yake, karatasi zake na saa za kazi za watumishi ni mali ya watu wote, pamoja na wale watakaosema siyo.

Jambo hili si la mbali. Zanzibar ilipiga kura ya maoni tarehe 31 Julai, 2010, na Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Kura ya Maoni mwaka wa 2013. Kura juu ya Katiba iliyopendekezwa, iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili, 2015, iliahirishwa. Siku yoyote swali linapoletwa mbele ya watu, huhitaji kuwa mwanasheria ili kuitetea hazina. Nenda kwenye mkutano wa mtaa au wa kijiji. Soma karatasi ya mapato na matumizi iliyobandikwa ubaoni. Hiyo ni faida moja ya kujua kusoma: zamani daftari la hazina lilikuwa siri ya wachache, na leo mtu anayejua herufi na tarakimu anaweza kusimama na kuuliza, “Shilingi hizi zilikwenda wapi?”

Maswali ya kujibu

1. Sheria ya mwaka wa 1926 ilibadili nini katika mapato ya watemi?
2. Kwa nini wageni wa Ndaiga hawakuruhusiwa kupiga kura?
3. Halmashauri imebandika tangazo: “Kura ni Jumapili. Pigeni kura ya ndiyo.” Ni sehemu gani ya tangazo inaeleza, na ni sehemu gani inashawishi?

Jadilianeni darasani, kisha kila mmoja aandike majibu yake mwenyewe. Kwaherini.