Tayap: Lugha ya Kijiji Kimoja Inayozimika

Tayap ni lugha ya kijiji cha Gapun, eneo la mto Sepik, Papua New Guinea. Haijulikani kuwa na undugu na lugha yoyote. Kitenzi huja mwisho wa sentensi. Nomino hazina ngeli nyingi kama zetu, bali jinsia mbili: kitu kirefu chembamba huelekea kuwa cha kiume, kifupi kinene cha kike. Mtafiti Don Kulick, aliyefika huko miaka ya 1980, alikuta watoto wakikulia Tok Pisin, lugha ya mawasiliano nchini humo. Sasa wasemaji wa Tayap hawafiki 50. Wazazi huwalaumu watoto kwa kuikataa, ilhali wao ndio huwasemesha Tok Pisin tangu uchanga. Mtoto hurithi anachosemeshwa.