Mrithi Mmoja Tu: Ukoo wa Krupp na Chuma cha Essen

Friedrich Krupp alifariki mjini Essen, Ujerumani, Oktoba 1826 akiwa na umri wa miaka 39. Aliacha madeni, mjane, watoto wanne na karakana yenye wafanyakazi wapatao saba. Nyumba ya ukoo katikati ya mji ilikuwa imekwisha kwenda na madeni hayo, na familia ilikuwa imehamia kijumba kando ya tanuri, kilichojengwa kwa ajili ya msimamizi wa mafundi. Mwanawe mkubwa wa kiume, Alfred, alikuwa na miaka 14. Aliachishwa shule akakabidhiwa karakana.

Haukuwa ukoo wa makabwela. Arndt Krupp anaonekana katika vitabu vya wafanyabiashara wa Essen tangu mwaka 1587, na tauni ilipoupiga mji huo mwaka 1599 alinunua kwa bei ya kutupa mashamba ya watu waliokuwa wakikimbia au wakingojea kufa. Mwanawe Anton aliuza mitutu ya bunduki wakati wa Vita vya Miaka Thelathini. Karne mbili baadaye mjane mmoja wa ukoo huo, Helene Amalie, alikuwa na duka, ardhi, hisa za migodi ya makaa ya mawe na hata kiwanda cha kuyeyusha chuma. Mjukuu wake, huyo Friedrich, ndiye aliyeutafuna urithi. Napoleon alikuwa amepiga marufuku bidhaa za Uingereza katika bara la Ulaya, chuma cha pua cha Sheffield kikaadimika, naye Friedrich akaona mlango umefunguka. Novemba 1811 alianzisha kiwanda pamoja na ndugu wawili waliodai kuijua siri ya Waingereza. Hawakuijua. Alipoanza kuikaribia mwenyewe, Napoleon alikuwa ameshaanguka na mali ya Sheffield imerudi sokoni.

Aliyeiokoa kampuni baada ya mazishi ni mjane, Therese. Aliisajili upya kwa kushirikiana na wifi yake, akamwacha kijana aendeshe kazi. Mwaka 1848 akamkabidhi Alfred kila kitu, yeye peke yake. Mdogo wake Hermann alipewa kiwanda cha vijiko na uma huko Berndorf, Austria. Mdogo wa mwisho alilipwa fedha, akaondoka.

Msomaji wa pwani aliyezoea mirathi ya mafungu, ambako mjane ana fungu lake na binti lake, atashangaa. Kwa Krupp mali haikukatwa. Ilishuka nzima kama ilivyo kwa mtu mmoja, kizazi baada ya kizazi, na Alfred aliliweka jambo hilo katika wosia wake. Watu wengi huisimulia Krupp kama hadithi ya mizinga. Mizinga imo, tena tele, lakini kwa maoni yangu kanuni hiyo ya mrithi mmoja ndiyo iliyoijenga nyumba yao, na mwishowe ndiyo iliyoizika.

Siri iliyomfilisi baba ilikuwa ya vyungu. Chuma kiliwekwa katika vyungu vya udongo maalumu, vikafunikwa na kupikwa kwa saa nyingi katika tanuri la makaa. Chungu kimoja kilibeba kilo chache tu. Aliyetaka pande kubwa ilibidi amimine vyungu vingi katika kalibu moja bila kukatiza, kwani mmimino ukisita kidogo chuma huanza kuganda kwa tabaka na pande zima huwa takataka. Mafundi walitembea wawili wawili, chungu kinachong'aa kikining'inia kwenye koleo katikati yao. Walimimina, wakapisha, wengine wakasogea. Alfred aliwazoeza kazi hiyo kama gwaride la askari. Mwaka 1851, kwenye Maonyesho Makuu ya London, alipeleka pande moja la chuma cha pua lenye uzito wa karibu tani mbili. Waingereza walikuwa wamejivunia pande lao lililokuwa dogo zaidi. Kando yake aliweka mzinga mdogo wa chuma hicho hicho, uliosuguliwa ukang'aa kama kioo. Waliotembelea waliusifu mzinga, lakini medali ilikuja kwa ajili ya lile pande.

Fedha nazo zilitoka kwenye reli. Alfred aligundua namna ya kutengeneza pete ya chuma ya gurudumu la treni isiyo na kiungo wala mshono, isiyopasuka katika mwendo kasi, na kampuni za reli za Ulaya na Marekani zikampigia foleni. Pete tatu zilizoshikana, ambazo wengi hudhani ni midomo ya mizinga, ni magurudumu hayo ya treni. Ndiyo alama ya Krupp tangu mwaka 1875.

Majenerali wa Prussia waliichukia mizinga yake kwa miaka mingi. Waliizoea shaba, na chuma kilikuwa na sifa ya kupasuka usoni mwa anayekifyatua. Misri ilinunua kwake kabla ya nchi yake mwenyewe kumwamini. Agizo kubwa la Prussia lilikuja mwaka 1859, mizinga 300 na zaidi, na tangu hapo serikali ikawa mteja asiyeachika. Alfred hakuona sababu ya kuwa na mteja mmoja tu. Mwaka 1866, vita na Austria vilipokuwa vikinukia, waziri wa vita Albrecht von Roon alimtaka asiipelekee Austria mizinga bila idhini ya mfalme. Jibu lilikuwa la mfanyabiashara: kuna mkataba, na yeye mambo ya siasa hayajui. Miaka minne baadaye, katika vita na Ufaransa, huko Sedan, mizinga ya Krupp iliyojazwa kwa nyuma iliwapiga Wafaransa kwa mbali, nao wakajibu kwa mizinga ya shaba iliyojazwa kwa mdomoni. Mfalme wa Ufaransa alitekwa. Baada ya hapo kila jeshi lenye fedha lilitaka kitu cha Essen.

Alfred mwenyewe alikuwa mtu wa ajabu. Aliugua kukosa usingizi, akatumia usiku kuandika barua na maagizo kwa wasaidizi wake. Aliogopa moto, akajijengea kasri la mawe na chuma juu ya mto Ruhr, Villa Hügel, lenye vyumba 269, lililokamilika mwaka 1873. Mitambo ya kupasha joto na kupitisha hewa aliibuni kwa kuwabishia wataalamu, nayo ikamsumbua miaka yote. Mkewe alimkimbia. Mwaka 1872 aliwaandikia wafanyakazi kanuni yenye ibara 72, inayoeleza wajibu wa kila mtu na utii unaotakiwa. Aliwapa pia mengi ambayo serikali ya wakati ule haikuwapa: mfuko wa wagonjwa, pensheni, maduka ya bei nafuu, mitaa mizima ya nyumba za kupanga. Aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na nyumbani. Alipofariki mwaka 1887, waajiriwa walikuwa kama 20,000.

Kuna jambo moja lililomuuma hadi kaburini. Msukosuko wa kifedha wa mwaka 1873 ulimkuta amejitanua mno, na mwaka uliofuata alilazimika kukopa marka milioni 30 kwa muungano wa mabenki, ambao ulimwekea mtu wa kumkagua. Aliona amefungwa pingu. Chuki ya benki na ya wenye hisa ikawa sehemu ya urithi.

Mwanawe Friedrich Alfred, mpole na mwenye maradhi, aliipanua kampuni kuliko ilivyotarajiwa. Alinunua viwanda vya mabamba ya kukinga manowari, akachukua kiwanda cha meli cha Germania huko Kiel. Nafsi yake ilikuwa Italia, kisiwani Capri, alikochunguza viumbe vya bahari na kugharamia njia ya mawe inayoshuka mteremko, ambayo bado inaitwa kwa jina lake. Novemba 1902 gazeti la wasoshalisti, Vorwärts, lilimtuhumu waziwazi kwa ushoga, kosa la jinai wakati huo. Siku saba baadaye alikuwa maiti. Mfalme Wilhelm wa Pili alitembea nyuma ya jeneza.

Hakukuwa na mtoto wa kiume. Mabinti walikuwa wawili, na kwa kanuni ya ukoo mkubwa, Bertha, akiwa na miaka 16, akapata vyote. Kampuni iligeuzwa ya hisa kwa karatasi tu: kati ya hisa 160,000, alishika zote isipokuwa nne. Mwaka 1906 aliolewa na mwanadiplomasia, Gustav von Bohlen und Halbach, na mfalme akatoa ruhusa bwana harusi abebe jina la Krupp. Sijui ndoa nyingine ambapo mume alichukua jina la kiwanda.

Jina la Bertha ndilo askari walilolipachika kwenye mzinga wa sentimita 42 uliobomoa ngome za Liège, Ubelgiji, Agosti 1914. Vita hivyo vilifika huku kwetu, na chuma cha Essen kilikuwamo. Meli ya kivita Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba 1914, ilikuwa na mizinga kumi ya Krupp ya milimita 105. Ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, Wajerumani waliiopoa mizinga hiyo, wakaitengenezea magurudumu katika karakana ya reli Dar es Salaam, na jeshi la kamanda wao Lettow-Vorbeck likaiburuta huku na huko katika koloni lao. Mzigo wa kuivuta uliwaangukia Waafrika. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, jirani na mzinga wa Pegasus.

Baada ya Ujerumani kushindwa, mkataba wa Versailles ulikataza karibu biashara yote ya silaha. Krupp ikauza vichwa vya treni, mashine za kuhesabia fedha dukani, hata meno ya bandia ya chuma kisichoshika kutu, kitu ambacho maabara yake ilikuwa imekipatia hati miliki mwaka 1912. Kilele kinachometa cha jengo la Chrysler, New York, ni cha chuma cha aina hiyo. Wafaransa walipoukalia mkoa wa Ruhr, askari wao waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliokusanyika langoni Machi 31, 1923, na watu 13 wakafa. Mahakama ya kijeshi ya Ufaransa ilimhukumu Gustav miaka 15. Alitoka baada ya miezi saba akiwa shujaa wa taifa. Wakati huo huo wahandisi wa Krupp walikuwa wakichora nyambizi Uholanzi na mizinga Sweden, mbali na macho ya wakaguzi.

Februari 20, 1933 Gustav alikuwa miongoni mwa wenye viwanda walioitwa kumsikiliza Hitler nyumbani kwa msaidizi wake, Göring. Aliahidi marka milioni moja kwa ajili ya uchaguzi. Awali hakuwa mfuasi wake, lakini alipokuwa, alikuwa kikamilifu. Mwanawe Alfried alikuwa mfadhili wa SS, kikosi cha chama cha Hitler, tangu mwaka 1931. Novemba 1943 Hitler alitoa sheria ya familia hii moja tu, wakaiita Lex Krupp: kampuni irudi kuwa mali ya mtu mmoja, Alfried, na ndugu zake wengine wakae kando. Wosia wa Alfred wa kwanza ukawa sheria ya dola.

Katika miaka hiyo watu wapatao 100,000 walilazimishwa kufanya kazi katika viwanda vya Krupp: mateka wa vita, raia wa nchi zilizokaliwa, wafungwa wa kambi za mateso. Agosti 1944 wanawake na wasichana 520 wa Kiyahudi, wengi wao kutoka Hungaria, waliletwa Essen. Walikaa kambi ya Humboldtstrasse na kwenda kiwandani kila siku kwa miguu, baridi ilipoingia wengine miguu ikiwa imefungwa matambara. Mabomu yalipoiteketeza kambi, walilala chini katika chumba cha ardhini chenye maji. Machi 1945 kampuni iliwarudisha kwa SS. Sita walitoroka wakafichwa na wakazi wa mji.

Gustav hakusimama kizimbani, alikuwa amepooza na akili imempotea. Alfried alihukumiwa na majaji wa Kimarekani Nuremberg Julai 1948 miaka 12 na kunyang'anywa mali yake yote, mshtakiwa pekee wa Nuremberg kupewa adhabu hiyo ya mali. Kisha vita vya Korea vikaanza, na Ujerumani Magharibi ikahitajika. Mwanzoni mwa mwaka 1951 kamishna wa Marekani, John McCloy, alimwachia huru na kumrudishia mali. Aliahidi kuuza migodi na viwanda vya chuma. Mnunuzi hakupatikana, na hakuna aliyeonekana kumtafuta kwa bidii. Mwaka 1959 alikubali kuwalipa Wayahudi waliofanyishwa kazi hadi marka 5,000 kila mmoja. Waliodai walikuwa wengi kuliko makadirio, fungu likapunguzwa.

Aliyeinyanyua kampuni ni Berthold Beitz, mtu wa bima asiyejua chuma, ambaye wakati wa vita aliwaokoa mamia ya Wayahudi katika visima vya mafuta vya Boryslaw. Krupp ilishiriki kujenga kiwanda cha chuma Rourkela, India, ikauza mitambo Mashariki na Magharibi, kwa mikopo. Mwaka 1967 mikopo iliiva kwa pamoja. Mabenki na serikali walitoa dhamana kwa sharti ambalo Alfred wa kwanza asingelivumilia: ukomo wa umiliki wa mtu mmoja.

Mrithi mwenyewe alikuwa ameshatia saini. Arndt, mwana pekee wa Alfried, aliukana urithi mwaka 1966 kwa malipo ya kila mwaka ya takriban marka milioni mbili. Hakupenda viwanda. Alipenda sherehe, Marrakesh na kasri la familia huko Austria. Magazeti ya Ujerumani yalimcheka sana, ingawa katika ukoo mzima sioni mwingine aliyeweza kusema hapana. Alfried alifariki Julai 1967, na mali ikawekwa wakfu. Arndt alifariki mwaka 1986 bila mtoto.

Mwaka uliofuata kampuni ilitangaza kukifunga kiwanda chake cha chuma cha Rheinhausen. Wafanyakazi walifunga daraja la mto Rhine, na Desemba hiyo wakaingia Villa Hügel kwenye kikao cha bodi, na viatu vyao vya kazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 1993 hata hivyo. Krupp iliungana na Thyssen mwaka 1999, na wakfu unashika karibu moja ya tano ya hisa za thyssenkrupp, ukigharamia hospitali, wanafunzi na makumbusho. Nyambizi bado zinaundwa Kiel.