Rangi ya Zeze na Safari ya Sandarusi

Miongoni mwa mambo yasiyozungumzwa sana katika masomo yetu ya utamaduni ni rangi ya ala za muziki. Tumezoea kuuliza ala inalia vipi, inapigwa na nani, na katika sherehe gani. Ni mara chache tunapouliza kwa nini ala hii ni nyekundu, ile ya kahawia na nyingine nyeusi. Katika makala haya tutalitazama swali hilo kwa kuanzia mpakani mwa Uganda na Kenya, pande za Mwello, Tororo na Busia. Kisha tutateremka hadi pwani, ambako neno moja la Kiswahili litatusaidia kulijibu.

Pande hizo za mpakani wanaishi Wasamia, Waiteso, Wapadhola na majirani zao. Mwaka 1902 serikali ya Kiingereza iliutoa mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika Mashariki, nayo mipaka iliyofuata ikawaacha watu wa ukoo mmoja katika nchi mbili. Muziki, hata hivyo, haukugawanyika. Zeze la uzi mmoja linapigwa huku na huku: Waluhya huliita shiriri au siiriri, Wajaluo huliita orutu, na Waganda na Wasoga huliita endingidi. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, aliandika kwamba endingidi ilianza kuonekana Buganda yapata mwaka 1907. Yafaa basi tukumbuke kwamba si kila kilicho chetu ni cha kale. Kuna vilivyokuwa vyetu kwa kupokewa, kutengenezwa upya na kupendwa.

Umbo la zeze hilo ni sahili. Kipande cha gogo huchongwa kikawa mzinga mdogo, upande mmoja ukawambwa ngozi, aghalabu ya kenge. Kijiti kirefu hupenyezwa mzingani, uzi ukafungwa juu, na upinde ukatumiwa kuuliza. Mzingani hubandikwa donge la utomvu mkavu wa mti. Mpigaji huusugua upinde hapo, kwani upinde usio na utomvu huteleza juu ya uzi bila kutoa sauti. Zeze jipya huwa na weupe wa mti uliochongwa jana. Wekundu na weusi wake huja pole pole, kwa mwanga, moshi wa nyumba, mafuta na jasho la viganja. Hapa fundi humwachia mpigaji na miaka kazi ya kutia rangi.

Tuilinganishe hali hiyo na fidla, ambayo wasomaji wengi wameisikia katika taarabu. Fidla nayo, ikitoka mikononi mwa mchongaji, ni nyeupe. Lakini fundi wake hangoji miaka hamsini. Huitafutia rangi ya uzee tangu siku zake za kwanza. Kwanza huianika juani ili mti wenyewe ugeuke manjano. Kisha huipaka vanishi, yaani utomvu ulioyeyushwa katika spiriti au katika mafuta ya kitani. Fundi mwangalifu hatii rangi moja kwa moja katika mti, kwa sababu mti laini wa upande wa mbele hunywa rangi bila usawa na kuacha madoa. Rangi huitia ndani ya vanishi, akaipaka tabaka jembamba baada ya jembamba, huku akijaribu kwanza juu ya kipande kingine cha mti ule ule. Ikiwa manjano mno, tabaka linalofuata huongezewa wekundu kidogo. Ikiwa nyekundu mno, hutulizwa kwa kahawia. Kila tabaka huzidisha giza, na kurudi nyuma ni vigumu. Tena vanishi ikiwa nene huulemea ubao, na sauti ikafifia.

Kwa muda mrefu ilisemekana kwamba Antonio Stradivari wa Cremona, aliyefariki mwaka 1737, alikuwa na siri katika vanishi yake. Mwaka 2009 wanakemia waliochunguza ala zake tano zilizohifadhiwa Paris walitoa matokeo yao. Waliyoyakuta ni mafuta yanayokauka, utomvu wa jamii ya msonobari, na katika baadhi ya ala chembe za rangi nyekundu: vitu ambavyo wachoraji wa zama zake walikuwa navyo. Siri, kama ilikuwapo, ilikuwa mkononi.

Sasa tufike kwenye neno tulilolitaja mwanzoni, nalo ni sandarusi. Kiswahili kilililipokea kutoka Kiarabu, na neno la Kiarabu lina nasaba na neno la Kiyunani, sandarake. Ajabu ni kwamba kwa Wayunani wa kale neno hilo lilikuwa jina la jiwe jekundu la kutengenezea rangi. Baadaye likahamia kwenye utomvu wa mti wa Afrika ya Kaskazini, ambao mafundi wa fidla huuyeyusha katika spiriti. Huku kwetu likawa jina la utomvu wa msandarusi, mti wa pwani. Hivyo neno moja limebeba rangi na utomvu pamoja.

Sandarusi iliyo bora haikugemwa mtini. Ilichimbwa ardhini, mahali ambapo misitu ilikwisha kutoweka, baada ya kufukiwa kwa muda mrefu mno. Wachimbaji, wakiwamo Wazaramo, waliifukua kwa majembe madogo, ikapelekwa Zanzibar na kuuzwa ng'ambo. Baada ya Sayyid Said kufanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, shehena nyingi zilikwenda Salem, ambako ilisafishwa. Ilipikwa kwa moto mkali sana kabla ya kukubali kuchanganyika na mafuta, na vanishi yake ngumu ilipakwa magari ya farasi na samani. Baadhi ya mafundi wa fidla waliijaribu pia, ingawa wengi waliiona ngumu mno. Rangi ilikuwa ndiyo bei: iliyo nyeupe ilithaminiwa kuliko iliyo nyeusi.

Ile changa, iliyotoka mtini, waliita chakazi. Richard Burton, aliyefika pwani mwaka 1857, aliandika kwamba wafanyabiashara wa kigeni waliliharibu neno hilo hata likawa "jackass", yaani punda. Kwa jina hilo la dhihaka ikaingia katika vitabu vya biashara vya Ulaya. Biashara yenyewe ilififia katika karne ya 20, viwanda vilipoanza kutengeneza utomvu wa kemikali.

Hapa ndipo penye jambo linalotuhusu sisi walimu. Mwanafunzi wa Busia au Tororo huliona kopo la vanishi dukani, akalitaja kwa jina la kigeni, akadhani maarifa yote ya kung'arisha mti yametoka mbali. Hajui kwamba jasho la wachimbaji wa pwani lilikuwa ndani ya kopo la babu yake kopo hilo, wala kwamba lugha anayofundishwa ina msamiati wake: utomvu, ulimbo, gundi, sandarusi, chakazi. Neno likisahauliwa, kazi ya waliolitumia husahauliwa pamoja nalo.

Tunapendekeza basi walimu wa pande zote mbili za mpaka wawatume wanafunzi kwa mafundi wa mazeze, wakaulize majina ya mti, ngozi, uzi na utomvu kwa Kisamia, Kiteso na Kipadhola, kisha wayaweke kando ya yale ya Kiswahili. Na shule iliyobahatika kuwa na zeze la zamani isiharakishe kulipaka rangi ya dukani ili ling'ae siku ya mashindano. Palipong'aa kijitini ni pale vidole vya mpigaji vilipopita, na weusi wa mzinga ni moshi wa nyumba alimolala. Tukivifunika hivyo kwa rangi, tutakuwa tumefuta maandishi kabla ya kuyasoma.