Korodani haijashuka: ile "subiri" ilitoka wapi? (Sehemu ya 4)

Tangu niandike kuhusu busha la watoto, mmenitumia swali moja kwa sura nyingi: "Nesi, mwanangu upande mmoja mtupu. Bibi yake anasema nisubiri, itashuka akikua. Nifanyeje?"

Mwenye haraka achukue jibu hili aendelee na kazi: mtoto akitimiza miezi 6 na korodani haijashuka, apelekwe kwa daktari wa upasuaji. Usingoje tohara, usingoje aanze shule. Mwenye nafasi akae kidogo, maana leo nataka tuitafute hiyo "subiri" ilitoka wapi. Na tusimlaumu bibi, kwa sababu haikuanzia kwake.

Kwanza nikiri kosa langu. Nilipokuwa mgeni kazini, mama mmoja alinionyesha mtoto wa miezi 8, upande wa kulia hakuna kitu. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Hiyo itashuka tu, mama, usijali." Alirudi mtoto ana miaka 5. Walimpeleka kutahiriwa, mtahiri akakataa, akasema kaonane na daktari kwanza. Siku ya upasuaji daktari alimuuliza mbona wamechelewa. Yule mama hakunitaja. Alinitazama tu, akainama kufunga kitenge. Ndiyo nikaanza kusoma.

Turudi nyuma kabisa. Mtoto wa kiume akiwa tumboni, korodani zake hazianzii kwenye mfuko. Zinaanzia ndani ya tumbo, karibu na figo, halafu zinasafiri taratibu hadi kwenye kinena na kuingia kwenye mfuko katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Aliyeieleza safari hiyo vizuri ni daktari wa upasuaji wa London, John Hunter, miaka ya 1760. Alichunguza miili ya watoto waliofia tumboni, akaona kuna mshikizo kama kamba unaoiongoza korodani kwenda chini. Jina aliloupa mshikizo ule bado linatumika vyuoni. Ndiyo maana mtoto njiti anazaliwa mara nyingi korodani zikiwa bado juu: katoka safari haijaisha. Kwa waliotimiza miezi 9, ni kama watoto 3 kati ya 100. Wakifika mwaka mmoja anabaki kama 1 kati ya 100.

Hunter alihisi kwamba korodani isiyoshuka huenda ina kasoro yake yenyewe tangu mwanzo, na kwamba ndiyo sababu haikushuka. Hilo nalo ni kweli kwa baadhi. Lakini wazo hilo liliwakatisha tamaa madaktari kwa muda mrefu: kama ni mbovu tangu mwanzo, kuishusha kutasaidia nini?

Na hata aliyetaka kuishusha, angeishushaje? Fikiria, mama: dawa ya usingizi, hii tunayoiita nusu kaputi, ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Kabla ya hapo mtoto alishikwa kwa nguvu akiwa macho. Halafu kuna usaha. Kidonda cha kinena kikioza, mtoto anakufa kwa ajili ya korodani ambayo haikuwa ikimuuma. Daktari gani mwenye akili angekubali? Kwa wakati ule, "subiri" ilikuwa ushauri wa busara kabisa.

Mambo yalibadilika Scotland. Joseph Lister alikuwa akifundisha kuosha vidonda na vifaa kwa dawa ya kuua vijidudu, na aliyerithi nafasi yake ya uprofesa Edinburgh, Thomas Annandale, ndiye anayetajwa kufanya upasuaji wa kwanza wa aina hii uliofanikiwa, mwaka 1877. Korodani ya mtoto yule ilikuwa imepotea njia, imekaa nyuma ya mfuko karibu na njia ya haja kubwa. Annandale aliihamisha, akaishona mahali pake, na kidonda kikapona. Mwaka 1899 Arthur Dean Bevan wa Chicago akaandika jambo ambalo mpaka leo madaktari wanalifuata: usiivute korodani kwa nguvu. Itenganishe taratibu na kile kifuko cha ngiri kilichoambatana nayo, ifungue mishipa yake ya damu iwe huru, itafika chini yenyewe bila kukazwa. Ukiivuta, damu haipiti, inasinyaa.

Sasa hapo utaniuliza: kama upasuaji ulishajulikana mwaka 1899, kwa nini watu waliendelea kusubiri hadi mtoto avunje ungo... samahani, huyo ni wa kike. Hadi abalehe!

Sababu ni kwamba wengi walionekana kupona wenyewe. Mtoto anaonwa ana miaka 6, korodani haionekani. Anaonwa tena ana miaka 13, iko mahali pake. Daktari anaandika "imeshuka," bibi naye anasema "si niliwaambia?" Wote wameona kwa macho yao, hakuna aliyedanganya.

Fumbo hilo lilifumbuliwa na Denis Browne, Mwaustralia aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Miaka ya 1930 alieleza kwamba wengi wa watoto hawa korodani zao zilikuwa zimeshashuka zamani. Kuna msuli mdogo unaoivuta juu mtoto akisikia baridi, akiogopa au akiguswa na mkono wa baridi. Wewe mwenyewe umeshaona ukimvua nguo asubuhi: vup, haipo. Mtie kwenye maji ya uvuguvugu, hiyo imerudi. Akibalehe korodani inakuwa kubwa, haivutiki tena kirahisi, basi watu wanasema imeshuka. Kumbe ilikuwa ikipanda na kushuka siku zote. Ile iliyokwama kweli ilibaki imekwama. Nadhani hata zile sindano za homoni, zilizoanza kupigwa miaka ya 1930, sehemu ya sifa zake zilitoka kwa watoto wa namna hii.

Wakati huohuo swali la "kusubiri kuna ubaya gani" nalo lilikuwa linapata jibu. Miaka ya 1920 Carl Moore wa Chicago alizirudisha korodani za wanyama tumboni, na sehemu inayotengeneza mbegu ikaharibika. Kosa lilikuwa joto. Mfuko ule unaning'inia nje kwa sababu korodani zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Miaka ya 1970 wataalamu wa Ulaya wakachukua vipande vidogo vya korodani za watoto waliokuwa wanapasuliwa, wakaviangalia kwa hadubini. Wakaona akiba ya mbegu inapungua mapema sana, na tofauti ilionekana wazi kabla na baada ya miaka 2. Yaani mtoto bado ananyonya, hasara imeshaanza.

Baadaye Sweden ilifuatilia karibu wanaume 17,000 waliowahi kupasuliwa, matokeo yakatoka 2007. Waliofanyiwa kabla ya miaka 13 walipata saratani ya korodani mara 2 hivi zaidi ya wanaume wengine. Waliochelewa hadi baada ya hapo, mara 5 hivi. Usishtuke, mama, saratani yenyewe ni adimu hata kwao. Lakini umeona mwelekeo.

Hivyo umri ukawa unashuka. Vitabu vikaacha balehe, vikaja miaka 5 au 6, vikaja miaka 2. Siku hizi ni kati ya miezi 6 na 18. Tunasubiri miezi 6 kwa sababu zenye nia ya kushuka hushuka miezi ile ya mwanzo. Baada ya hapo ni nadra. Kwa mtoto njiti, hesabu kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa. Kwa hiyo bibi yako anakwambia alichosikia wakati wake, wakati ambao hata daktari angemwambia hivyohivyo.

Ukitaka kumwangalia, chagua baada ya kuoga, chumba kina joto, mikono yako umeipasha, mtoto ametulia. Angalia pande zote mbili. Kama hukuona kitu, mwambie nesi siku ya chanjo. Ile ya surua ya miezi 9 ni nafasi nzuri sana: usiondoke hadi mtoto avuliwe nepi na kuangaliwa. Hukumbuki kama aliwahi kuangaliwa? Omba aangaliwe. Hakuna aibu.

Usitumie hela zako kwenye utrasaundi kabla ya kuonana na daktari wa upasuaji. Mara nyingi mkono wake unatosha, na kipimo kinaweza kukupa jibu la kupoteza. Kama haishikiki kabisa, wanaweza kumlaza usingizi na kuchungulia tumboni kwa kamera ndogo, njia iliyoanzia Italia mwaka 1976. Na kama korodani zote mbili hazishikiki tangu kuzaliwa, hapo usisubiri hata hiyo miezi 6: aonwe mara moja, hasa kama na tundu la mkojo halipo mahali pake. Vilevile kinena kikivimba ghafla, mtoto analia na kutapika, ni usiku au mchana, kimbia hospitali.

Yule mtoto wangu wa miaka 5 alipona vizuri, alirudi nyumbani siku ileile. Mama yake alinunua muwa njiani, wakagawana na dada yake getini. Korodani ilikuwa ndogo kuliko mwenzake. Nilimfuata mama yake baadaye nikamwomba radhi. Alinijibu, "Nesi, na wewe si uliambiwa." Sikuwa na la kumjibu.

Maswali niachieni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Sehemu ya 5 ni kuhusu tundu la mkojo kuwa chini ya uume, na kwa nini mtoto huyo asitahiriwe kabla ya kuonwa.